Saa Nne na Dakika Kumi

Jumatatu, 3 Juni

Idete na kurudi. Upepo ulianza tulipoingia kwenye mashamba ya mpunga na haukutuacha mpaka mwisho. Minza nyuma yangu muda wote, kimya, hata cheni yake sikuisikia. Tulipokaribia mjini akanipita. Hakugeuka hata kuniangalia. Nilikasirika mpaka nikasahau kunywa maji.

Tulikuta kocha Beda anatusubiri ofisini. Ofisi ni chumba cha nyuma cha mashine ya kukoboa mpunga, ya huyo bosi anayetulipa tuendeshe baiskeli. Kocha alikuwa na barua. Kuna timu kubwa ya kulipwa, kambi yao iko Arusha, wanashindana mpaka nje ya nchi. Wanataka mwanamke mmoja kutoka chama chetu cha baiskeli. Mmoja tu. Kabla ya kuchagua wanataka karatasi ya kutulinganisha: huyu amefanya nini tangu aanze mbio, na yule amefanya nini. Na wamesisitiza muda bora wa mbio ndefu.

Kocha amekataa kuandika. Akiandika yeye, watasema amenipendelea, kwa kuwa mimi na yeye kwetu ni Mahenge na Minza ni Msukuma. Tukijiandikia wenyewe, tutajipamba. Kwa hiyo mimi nimwandike Minza, na Minza aniandike mimi. Kila kitu kitoke kwenye daftari la chama. Mwisho Ijumaa ya wiki ijayo.

Nilidhani anatania. Kocha Beda hajui kutania.

Jumanne, 4 Juni

Sijaendesha. Nimefua, nimempeleka mtoto shule, nimerudi, nimekaa.

Nina miaka thelathini na mitatu. Minza ana ishirini na nne. Barua kama hii haitanifuata tena nikiwa na arobaini. Naitaka nafasi hii kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote, na naandika hapa kwa sababu siwezi kumwambia mtu.

Nimeshinda mbio kumi na moja. Minza nne. Lakini utalinganishaje? Nilishinda moja ya hizo tukiwa wanawake watano, na mmoja wao aliishia njiani akanunua mihogo. Minza alishinda moja dhidi ya wasichana wa Morogoro wenye baiskeli nyepesi kama ungo. Kumi na moja ni nyingi kuliko nne. Nimeshikilia hapo.

Alhamisi, 6 Juni

Nimechukua daftari kwa kocha. Limepakwa grisi mpaka kurasa za katikati.

Mbio ndefu kwetu ni ya Mbingu, kwenda na kurudi. Nimeufungua ukurasa wangu kwanza, siwezi kusema uongo. MUDA, mwandiko wa kocha, 3:22. Masaa matatu na dakika ishirini na mbili. Hakuna mwanamke wa bonde hili aliyewahi kuifikia. Halafu nikafungua mwaka ule aliposhinda Minza. Mimi sikushiriki, nilikuwa nimejifungua, mtoto akiwa na wiki tatu. Minza, wa kwanza, saa 4:10.

Masaa manne na dakika kumi. Ndiyo maana klabu nzima tunamwita Saa Nne. Mimi ndiye niliyeanzisha. Akifika mazoezini nasema, Saa Nne huyo amefika, na watu wanacheka, na yeye anacheka.

Nimelala vizuri.

Ijumaa, 7 Juni

Nimeanza kumwandika Minza. Nikarudi kwenye ule ukurasa kunakili vizuri, na sasa moyo haujatulia.

Mwandiko si wa kocha. Mwaka ule kocha alikuwa msibani Mahenge, na aliyeshika kalamu ni Mwalimu Kalisti, aliyekuwa anafundisha shule ya msingi hapa mjini. Juu ya safu hajaandika MUDA. Ameandika SAA. Wa mwisho wao ana saa 6:02. Pembeni yake Mwalimu ameandika kwa herufi ndogo: mvua ilianza saa 5:20, wa mwisho amefika amelowa.

Mvua haianzi baada ya masaa matano na dakika ishirini. Mvua inaanza saa tano na dakika ishirini. Asubuhi ile. Watu wakiwa sokoni.

Nimefunga daftari. Nimelifungua tena. Mbio ya Mbingu inaanza saa moja asubuhi, miaka yote. Toka saa moja mpaka saa nne na dakika kumi ni masaa matatu na dakika kumi.

Hapana.

Jumamosi, 8 Juni

Mazoezi. Nimemfokea Minza kwamba amekaa karibu mno na gurudumu langu. Hakuwa karibu. Akasema, samahani dada Tekla. Nikazidi kukasirika.

Jumapili, 9 Juni

Misa ya kwanza, kisha nikapanda baiskeli nikaenda Mbingu. Nilimwambia mama naenda mazoezi. Siku ya Jumapili. Hakuamini lakini hakuuliza.

Mwalimu Kalisti amestaafu, analima mpunga huko. Nilimkuta anaanika kwenye turubai, anageuza kwa miguu, taratibu, kama anatembea kanisani. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akafurahi kuniona, akaniletea kiti na maji. Tulizungumza habari za mavuno mpaka nikachoka kungoja. Ndipo nikamuuliza kuhusu mwaka ule, alipigaje saa.

Hakunielewa. Nikamuuliza tena: zile namba ulizoandika, ni muda waliotumia njiani au ni nini?

"Mwanangu, mimi nimekaa na daftari la mahudhurio miaka thelathini na kitu," alisema. "Mwalimu akifika kazini, unaandika saa aliyofika. Huandiki ametembea muda gani kutoka kwake."

Nikamuuliza walianza saa ngapi. Saa moja kamili, akasema, na akaapa, kwa sababu yeye ndiye aliyepuliza filimbi na alikuwa anatazama saa yake ya mkononi. Yule binti wa Kisukuma alivyofika saa nne na dakika kumi, hakuna mtu aliyekuwa tayari kumpokea. Hata utepe ulikuwa haujafungwa. Mwalimu alimpa chupa yake mwenyewe ya maji.

Dakika kumi na mbili. Amenipita kwa dakika kumi na mbili, peke yake, mbio yake ya kwanza ndefu.

Sikumwomba Mwalimu aandike kitu chochote. Nilimshukuru, nikaondoka. Njiani niliendesha vibaya sana.

Jumatatu, 10 Juni

Nimewaza hivi. Kocha amesema kila kitu kitoke kwenye daftari. Daftari linasema saa 4:10. Nikiandika saa 4:10 sijaongeza kitu, sijapunguza kitu. Ni kunakili tu. Watu wa Arusha watasoma masaa manne na dakika kumi, lakini hilo ni la macho yao.

Nimeirudia hoja hii mara nyingi leo, nikipika, nikisuka nywele za mtoto. Kila nikiirudia inakuwa nzuri zaidi. Hapo ndipo nilipoanza kuiogopa.

Jumanne, 11 Juni

Nimeandika saa 4:10. Karatasi ipo chini ya godoro.

Jumatano, 12 Juni

Baada ya mazoezi Minza alikuwa anabadilisha tairi, nikakaa karibu yake. Nikamuuliza, kwa nini hujawahi kulalamika tukikuita Saa Nne?

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini hajalalamikia jina la baba yake.

"Si nilifika saa nne na dakika kumi?" alisema. "Nilifikiri mnanisifia."

Miaka minne. Miaka minne anacheka pamoja nasi kwa sababu anadhani ni sifa. Nyumbani kwao wanamwita hivyo hivyo, mama yake humtania kwa jina hilo mbele ya wageni, wote wanajivunia. Kwao Idete asubuhi wanaliangalia jua, hawana habari na saa ya kupimia. Alijua amewahi. Hilo lilimtosha.

Sikumweleza. Nilimshikia pampu. Nimeona aibu kuliko siku yoyote ya maisha yangu, na mimi nimewahi kuanguka mbele ya mkuu wa mkoa.

Alhamisi, 13 Juni

Karatasi ya juzi nimeichana. Nimeandika nyingine. Nikaichana nayo pia, kwa sababu niliandika "inawezekana kuna utata wa muda." Utata gani? Hakuna utata. Nilikuwa natafuta mlango wa nyuma.

Ijumaa, 14 Juni

Nimepeleka. Nimeandika hivi, nainakili hapa ili nisije nikajidanganya baadaye:

Mbio ya Mbingu, kwenda na kurudi. Minza: masaa matatu na dakika kumi. Kilichoandikwa kwenye daftari ni saa aliyofika, siyo muda aliotumia. Walianza saa moja kamili asubuhi, Mwalimu aliyeandika yupo Mbingu na anathibitisha. Huu ndio muda bora wa mwanamke katika chama chetu. Uliokuwa unahesabiwa bora zamani ni wangu, masaa matatu na dakika ishirini na mbili.

Kocha Beda alisoma amesimama. Akakaa. Akasoma tena. Akampigia simu Mwalimu Kalisti hapo hapo, wakasalimiana kwa muda mrefu, nikabaki naangalia ukuta. Alipokata simu aliniuliza kama najua nilichofanya. Nikasema najua. Akasema, "Ningekuwa mimi, sijui." Kocha hajawahi kuniambia maneno laini kiasi hicho. Sikuyapenda. Yalinifanya nitake kulia.

Jumamosi, 15 Juni

Kocha alituita akatusomea karatasi zote mbili kwa sauti, kila mmoja asikie alivyoandikwa. Alianza na yangu, niliyomwandika Minza. Minza hakuelewa mpaka kocha alipomwekea namba mbili ubaoni, 3:10 na 3:22. Akazitazama. Akanitazama mimi. Nikaangalia viatu vyangu.

Kisha ya kwake. Ameandika kwa penseli, mistari michache, herufi za darasa la nne. Mbio kumi na moja amezitaja zote kwa miaka. Halafu ameandika jambo ambalo halipo kwenye daftari. Kwamba katika mbio zake nne alizoshinda, tatu mimi nilikuwa mbele yake nikikata upepo toka Idete, na yeye amejificha nyuma, na ndiyo maana alikuwa na nguvu za kunipita mwishoni. "Hizo tatu ni za kwake na mimi," ameandika. "Ile ya Mbingu ndiyo ya kwangu peke yangu."

Sikujua kwamba aliona. Nilidhani anakaa nyuma tu kwa uvivu. Alikuwa anahesabu.

Kocha alizifunga karatasi zote pamoja na pini, hakusahihisha neno.

Jumanne, 18 Juni

Hakuna habari. Idete na kurudi. Tumebadilishana mbele, mimi kidogo, yeye kidogo. Hatukupanga. Ni mara ya kwanza.

Watu wa mashine wameacha kusema Saa Nne. Minza amewauliza kwa nini wameacha. Anataka waendelee. Kwa hiyo wanaendelea, na sasa kila wakisema, mimi ndiye ninayeona haya.

Jumamosi, 22 Juni

Hakuna habari. Mama amesema ninakula kama mgonjwa. Namngojea mtu wa Arusha kama ninavyongojea majibu ya hospitali.

Kuna sehemu yangu, naiandika wazi, inayotumaini kwamba watasema mwenye mbio kumi na moja ndiye. Kwamba uzoefu. Kwamba umri ni hekima. Natumaini hivyo kila asubuhi mpaka nipande baiskeli.

Jumamosi, 29 Juni

Minza.

Kocha alisema kwa kifupi, akaenda kuangalia pumba. Minza aliniangalia kwanza kabla ya kufurahi, na hilo liliniumiza kuliko jibu lenyewe. Nikamwambia furahi basi, unangoja nini. Akaruka. Nikampongeza vizuri, mkono na kumbatio, kila kitu. Kisha nikaenda nyuma ya lundo la pumba nikalia kama mtoto. Pumba zikaniingia puani. Nimetoka pale nikipiga chafya, watu wakadhani ni vumbi.

Nimekosa. Ningeacha namba ile ilivyokuwa, huenda leo ningekuwa nafungasha mimi. Najua hilo na sitajifanya sijui.

Jumatatu, 1 Julai

Kaondoka kwa basi la asubuhi. Baba yake alikuja na koti la suti katika joto lile, mama yake na kuku mmoja aliyefungwa miguu, zawadi ya kambi. Kondakta alikataa kuku. Mama yake akanipa mimi.

Minza aliniuliza nina neno gani la mwisho la kumwambia. Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri. Nikasema tu, usikae mbele mapema.

Ijumaa, 5 Julai

Sijapanda baiskeli tangu aondoke. Kuku ametaga.

Nimewaza juu ya ile 3:22. Miaka yote nimeendesha Mbingu nikijua hakuna aliye mbele yangu. Nilikuwa nashindana na namba yangu mwenyewe, na nilishaikamata zamani, kwa hiyo nilikuwa nakaa nayo tu. Kumbe palikuwa na mtu dakika kumi na mbili mbele, muda wote. Nikiiweka hivyo, miguu inawasha.

Nimemwomba kocha kesho anipigie saa. Ameuliza kwa ajili ya nani. Nikasema kwa ajili yangu.

Jumamosi, 6 Julai

Saa moja kamili. Baridi kidogo, umande kwenye nyasi, barabara bila malori. Kocha alibonyeza saa yake ya kupimia, akasema nenda, basi. Hakuna filimbi, hakuna watu. Mama kasimama na mtoto, mtoto anapunga mkono mmoja na kula chapati kwa mwingine.

Mpaka Idete nilienda vizuri mno, nikajionya. Kati ya Idete na Mbingu kila kitu kiliuma na nilitaka sana kusimama kwenye kivuli chochote. Nikawa najiambia, yuko mbele pale, yuko mbele pale. Kichwani nilimwona kabisa, mgongo ule mwembamba, na kwa mara ya kwanza mimi ndiye niliyekuwa nyuma yake. Mbingu niligeuka bila kushuka. Mwalimu Kalisti alikuwa barabarani na kitambaa, sijui nani alimwambia. Kurudi sikumbuki sana. Nakumbuka upepo ukinigeukia baada ya Idete, na hakukuwa na mtu wa kumwachia mbele.

Masaa matatu na dakika kumi na nne.

Dakika nane chini ya muda wangu bora, na nina miaka thelathini na mitatu. Bado dakika nne kwake. Nilikaa chini kwenye vumbi nikacheka, na kocha akafikiri nimepigwa na jua. Aliandika kwenye daftari, MUDA, akanionyesha kabla wino haujakauka. Akaniambia wale wa Arusha watachukua mtu tena mwakani, mvua zikiisha. Barua ilisema tangu mwanzo. Hakunisomea sehemu hiyo. Aliogopa, anasema, kwamba mmoja wetu angesubiri tu.

Ningegombana naye. Sikuwa na pumzi.

Jumapili, 14 Julai

Minza amepiga simu mchana, nikiwa nachambua mchele.

Hana raha sana. Kule kuna milima. Sisi tumekulia bondeni, mlima pekee tunaoujua ni daraja. Jana walipimwa kupanda na yeye alikuwa wa pili kutoka mwisho, na alilia chooni ili wasimwone. Nikamwambia mimi nililia kwenye pumba. Akacheka kidogo. Tukaongea habari za gia, nikamwelekeza asiikimbilie gia nzito mwanzoni mwa mlima, apande amekaa, ahesabu pumzi. Nilisikia anaandika. Penseli, bila shaka.

Wakati anaandika nilitafuta wivu ndani yangu. Upo bado. Ni mdogo kuliko nilivyodhani.

Halafu akaniuliza mimi naendeshaje siku hizi. Nikamtajia namba. Nikaisikia penseli tena.

"Basi mwakani tutakuwa wawili huku," alisema.

Nikamwambia ale ashibe na apumzike, maana kesho anapanda tena.